Mraba wa Maili Kumi na Nane: Manispaa ya Mashambani katika Mbuga za Kanada

Mwanafunzi wa jiografia akifungua ramani ya jimbo la Saskatchewan, lililo katikati ya mbuga za Preri nchini Kanada, ataona jambo lisilo la kawaida katika ramani za nchi zetu. Mipaka ya serikali za mitaa haifuati mito wala vilima, wala haifuati makazi ya koo za watu. Sehemu ya kusini ya jimbo hilo imechorwa miraba mithili ya karatasi ya hesabu, na kila mraba una jina na namba yake. Miraba hiyo inakaribia 300, na kila mmoja ni serikali kamili yenye baraza, karani na hazina yake. Huitwa manispaa za mashambani.

Jina hilo linahitaji maelezo kidogo. Kwetu neno manispaa humfanya mtu afikirie mji wenye taa, soko na magari ya taka. Manispaa tunayoieleza hapa ni kinyume chake. Vijiji na miji midogo iliyomo ndani ya mraba hujitawala yenyewe na kuhesabiwa mbali. Kinachobaki, yaani mashamba, malisho na barabara za udongo, ndicho kinachoitwa manispaa. Ni serikali ya mji usio na mji.

Katika makala haya tutaichukua mmoja wa miraba hiyo, Manispaa ya Sarnia Na. 221, ili kuona serikali ya namna hii ilivyozaliwa, inavyojilipia gharama zake, na kwa nini leo inapata taabu. Tumeichagua Sarnia kwa sababu moja. Baraza lake la wakulima lilifanya kitendo kidogo mwaka 1914 ambacho matokeo yake yaliwafikia wananchi wote wa Kanada.

Tuanze na hiyo namba. Miraba ilihesabiwa kuanzia pembe ya kusini mashariki ya jimbo, mpakani na Marekani, kwenda magharibi. Mstari wa kwanza ulianza na namba 1, wa pili 31, wa tatu 61, na kadhalika, kila mstari ukiongezewa 30. Mstari wa nane basi huanza na namba 211, na Sarnia, Na. 221, ni mraba wa kumi na moja katika mstari huo. Kila mraba una urefu wa maili 18 kwa maili 18, kwa hiyo anayejua namba hiyo anajua pia kwamba mpaka wa kusini wa Sarnia uko maili 126 kaskazini ya mpaka wa Marekani. Hakuna haja ya kuuliza njia. Ukweli ni kwamba mraba huo umelala upande wa magharibi wa ziwa refu na jembamba liitwalo Last Mountain, na kijiji chake kinachojulikana zaidi ni Holdfast.

Miraba hii ilitokana na kazi ya wapima ardhi. Sheria ya Ardhi za Dominioni ya mwaka 1872 iliagiza kwamba mbuga zote zikatwe vipande vya maili moja ya mraba, yaani ekari 640. Vipande 36 vilifanya kitongoji cha maili 6 kwa 6, na vitongoji tisa vilivyopangwa tatu kwa tatu ndivyo vilivyofanya manispaa ya kawaida. Kila kipande kiligawanywa tena robo nne za ekari 160. Mwanamume aliyetimiza umri wa utu uzima aliweza kulipa dola 10 na kuandikishiwa robo moja. Akijenga nyumba, akalima sehemu iliyoagizwa na akakaa humo kwa muda wa miaka mitatu, hati ya kumiliki ilikuwa yake. Si vipande vyote vilivyogawiwa hivyo. Baadhi vilitengwa ili mapato ya kuuzwa kwake yajenge shule, vingine vilikuwa haki ya Kampuni ya Hudson's Bay, na vingi vilipewa makampuni ya reli.

Ni vizuri mwanafunzi afanye hesabu mwenyewe hapa, maana tutairudia mbele. Maili 18 kwa 18 ni maili za mraba 324, sawa na ekari 207,360, au robo 1,296. Wapima ardhi walitenga pia nafasi za barabara zenye upana wa futi 66: moja ya kusini hadi kaskazini kila baada ya maili moja, na moja ya mashariki hadi magharibi kila baada ya maili mbili. Njia za kusini hadi kaskazini zinafanya jumla ya maili 324, na zile nyingine maili 162. Jumla yake ni maili 486, takriban kilomita 780 za barabara ndani ya mraba mmoja. Si zote zilizotengenezwa, kwani mahali pengine pana ziwa au bonde. Lakini huo ndio mzigo uliochorwa kwenye karatasi kabla mkulima wa kwanza hajafika.

Yasidhaniwe, hata hivyo, kwamba wapima ardhi waliikuta nchi tupu. Kwa karne nyingi mbuga hizo zilikuwa nchi ya Wacree, Wasaulteaux na Waassiniboine, na baadaye pia Wametis, waliotokana na ndoa za wenyeji na wafanyabiashara wa ngozi kutoka Ulaya. Uchumi wao ulitegemea nyati wa Amerika, mnyama aliyewapa nyama, mavazi na mahema. Tarehe 15 Septemba 1874 machifu walitia saini Mkataba Na. 4 huko Qu'Appelle, ambao eneo lake linaenea hadi mahali ilipo Sarnia. Mkataba uliahidi kila familia ya watu watano maili moja ya mraba ndani ya maeneo yaliyotengwa, pamoja na zana za kilimo. Miaka michache tu baadaye nyati walikuwa wamekwisha, na njaa ikawabana watu kuhamia kwenye maeneo hayo. Baada ya uasi wa mwaka 1885 serikali iliweka desturi ya kuwataka wenyeji wapate kibali kabla ya kutoka nje ya maeneo yao, na mwaka 1889 ikawawekea wakulima wenyeji masharti yaliyowazuia kutumia mashine ambazo jirani zao walowezi walizitumia. Kwa hiyo robo zile za dola 10 zilikuwa rahisi kwa sababu gharama yake ilikwisha kulipwa na wengine.

Udongo wa mbuga ulikuwa mzuri, na sababu yake ni ya kisayansi. Nyasi za Preri huwa na mizizi mingi kuliko majani. Kila mwaka sehemu ya mizizi hiyo hufa na kuoza polepole, maana ardhi hugandishwa na baridi kwa miezi mingi, na kwa maelfu ya miaka mboji ikajilimbikiza hadi udongo ukawa mweusi au wa kahawia iliyokoza. Shida ilikuwa hali ya hewa. Mvua na theluji kwa pamoja huleta maji ya kiasi cha milimita 300 hadi 400 tu kwa mwaka, na muda usio na jalidi, yaani baridi ya kugandisha mimea, ni takriban siku 100 hivi. Ngano iliyopandwa zamani, aina ya Red Fife, ilitoa unga bora, lakini aghalabu ilichelewa kukomaa na jalidi ya Agosti au Septemba ikaipata shambani.

Dawa ilitoka kwenye maabara ya serikali mjini Ottawa. Mtaalamu wa nafaka Charles Saunders, katika miaka ya 1903 na 1904, alichambua mbegu zilizotokana na kuchanganya Red Fife na ngano ya Kihindi iliyoitwa Hard Red Calcutta. Hakuwa na mashine za kupimia ubora wa unga, hivyo alitafuna punje za kila shina na kuona kama zinafanya utomvu unaovutika mdomoni, dalili kwamba unga wake utaumuka vizuri. Shina alilolichagua likawa mama wa ngano ya Marquis. Majaribio ya shambani huko Indian Head, Saskatchewan, yalianza mwaka 1907, na ikaonekana kwamba Marquis hukomaa karibu wiki moja kabla ya Red Fife. Wiki moja ni kitu kidogo mahali pengine. Kwa nchi yenye siku 100 ni tofauti kati ya mavuno na hasara. Katika muda wa miaka kumi hivi Marquis ilienea karibu kila shamba la Preri.

Watu walimiminika. Sensa ya mwaka 1901 ilihesabu watu 91,279 katika eneo lililokuja kuwa Saskatchewan. Ile ya 1911 ilihesabu 492,432. Jimbo lenyewe liliundwa mwaka 1905, na baada ya sheria ya manispaa za mashambani kupitishwa, miraba mingi ilianza kujitawala kuanzia mwisho wa mwaka 1909.

Uchumi wa mraba kama Sarnia ulikuwa rahisi kuueleza na mgumu kuuishi. Mkulima alilima ngano na kuuza ngano. Aliipakia kwenye gari la farasi hadi kituo cha reli, ambako kulikuwa na maghala marefu ya mbao yaliyosimama kama minara. Gari lilipimwa kwenye mizani, ngano ikamwagwa shimoni, na mkanda wenye ndoo ndogondogo ukaipandisha juu ya ghala, ambako iligawanywa katika vyumba kwa daraja zake. Kutoka hapo iliteremka yenyewe kwa uzito wake hadi kwenye behewa. Vituo viliwekwa kila baada ya maili 7 hadi 10 hivi, kwa sababu farasi mwenye mzigo anapaswa kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Ndiyo sababu vijiji vya Preri vimepangika kando ya reli kama shanga: umbali kati yake ulipimwa kwa miguu ya farasi.

Katika mpango huo mkulima alikuwa mnyonge. Mwenye ghala ndiye aliyepima uzito, aliyetaja daraja na aliyetoa bei, na kampuni ya reli ndiyo iliyoamua nani apewe behewa. Malalamiko hayo yalizaa chama cha wakulima wa nafaka huko Indian Head mwaka 1901, na hatimaye ushirika mkubwa wa kuuza ngano wa Saskatchewan mwaka 1924. Habari za ushirika huo zingestahili makala yake, nasi hatutaziingia hapa. Inatosha kusema kwamba watu wa mbuga walijifunza mapema kushughulikia kwa pamoja yale yaliyomshinda mmoja.

Baraza la manispaa lilikuwa shule ya mafunzo hayo. Mwenyekiti na wajumbe sita walikuwa wakulima, waliochaguliwa na wakulima wenzao, kila mjumbe akiangalia sehemu moja ya mraba. Mapato yao yalikuwa kodi ya ardhi, basi. Matumizi yao ya kwanza yalikuwa barabara na madaraja, na mkulima asiye na fedha aliweza kulipa sehemu ya deni lake kwa kuleta farasi wake kuja kukokota koleo la barabara. Kisha yakaja mambo mengine: kuangamiza magugu, kupambana na moto wa nyika, na bima ya mvua ya mawe. Mvua ya mawe huweza kufyeka ngano ya jirani na kuiacha yako imesimama, hivyo ni hatari inayofaa kugawanywa kati ya wengi. Chama cha bima hiyo kinachoziunganisha manispaa kilianzishwa mwaka 1917 na kingalipo.

Sasa tuje kwenye kitendo cha Sarnia. Mwaka 1914 ilionekana kwamba daktari pekee wa eneo hilo, Daktari Schmitt wa Holdfast, huenda akaondoka. Si kwamba wagonjwa walikosekana. Daktari wa mjini hulipwa na kila mgonjwa anayemwona, na wagonjwa wako mlangoni. Daktari wa mbugani hutumia nusu ya siku ndani ya gari la theluji kumfikia mama mmoja anayejifungua, na mwaka ukiwa mbaya mume wake hana cha kumlipa isipokuwa kuku au ahadi. Baraza likafikiri, likaamua kumpa daktari dola 1,500 kwa mwaka kutoka hazina ya kodi ili abaki.

Tukizigawa dola 1,500 kwa robo 1,296 za mraba wa kawaida, tunapata dola moja na senti 16 hivi kwa kila robo. Mwandishi anakiri kwamba hesabu hiyo ni yake, si ya baraza. Lakini yaonyesha ukubwa wa jambo. Kwa fedha iliyokaribia bei ya busheli moja ya ngano, yaani kilo 27 hivi, kila shamba lilikuwa na daktari. Na kodi iliangukia ardhi, si mwili wa mgonjwa. Mwenye afya alimlipia aliyeugua, na tajiri mwenye robo nane alilipa mara nane ya mwenye robo moja.

Sheria iliyoziruhusu manispaa waziwazi kutoza kodi kwa ajili hiyo ilikuja mwaka 1916, baada ya Sarnia kuonyesha njia. Mwaka huo huo sheria nyingine iliziruhusu manispaa jirani kuungana na kujenga hospitali moja. Kufikia mwaka 1930 manispaa zaidi ya 30 zilikuwa na daktari wa kodi.

Kisha ukaja muongo mbaya. Miaka ya 1930 huelezwa mara nyingi kama ukame tu, lakini ilikuwa misiba miwili iliyokutana. Wa kwanza ulikuwa wa soko. Ngano iliyopata kuzidi dola moja kwa busheli katika miaka ya 1920 iliuzwa kwa senti 35 hivi mwaka 1932. Wa pili ulikuwa wa udongo. Wakulima walikuwa na desturi ya kupumzisha shamba mwaka mmoja bila mmea wowote, wakililima mara kwa mara ili kuua magugu na kuhifadhi unyevu. Njia hiyo ilifanya kazi katika miaka ya mvua. Ilipokauka, udongo mtupu uliosagwa ukawa vumbi, na upepo usio na kizuizi ukaupandisha hata jua likafifia mchana. Mwaka 1935 mvua zilirudi kidogo, lakini ugonjwa wa kutu ya ngano ukaishambulia Marquis, ambayo haikuwa na kinga. Mwaka 1937 wastani wa mavuno ya jimbo zima ulishuka chini ya busheli 3 kwa ekari, wakati mwaka mzuri wa 1928 ulikuwa umezidi busheli 20. Theluthi mbili ya watu wa mashambani walihesabiwa kuwa hohehahe.

Manispaa zilibanwa pande zote. Ndizo zilizopaswa kugawa chakula, mbegu na makaa ya msaada, na ndizo zilizokosa kodi, kwani mlipa kodi ndiye huyo huyo mpokea msaada. Zilikopa hadi zikashindwa kukopa. Watu wenye magari waliondoa injini na kufunga farasi mbele, wakayaita kwa jina la Waziri Mkuu wa wakati huo, R. B. Bennett. Mikoa ya mashariki ilituma mabehewa ya matofaa, jibini na samaki wakavu, ingawa inasimuliwa kwamba samaki hao wagumu waliwatatiza sana watu wasiojua bahari, wasijue wawapikeje.

Serikali ya shirikisho ilianzisha mwaka 1935 shirika la kuyafufua mashamba ya Preri, lililofundisha kulima kwa mikanda na kuchimba mabwawa, na likayarudisha mashamba mabovu kuwa malisho ya jumuiya. Mwaka huo huo iliundwa Bodi ya Ngano ya Kanada. Lakini katika suala la matibabu ni wakulima wenyewe waliosonga mbele. Upande wa pili wa ziwa, katika Manispaa ya McKillop Na. 220, mwenyekiti wa baraza Matthew Anderson, mhamiaji kutoka Norwe, alipigania mpango ambao kila mkazi angelipa kodi ndogo ya mwaka na kumchagua daktari amtakaye. Mwaka 1939 bunge la jimbo likapitisha sheria ya kuruhusu mpango huo. Kusini magharibi, karani wa Manispaa ya Pittville Na. 169, William Burak, alizunguka akizishawishi manispaa jirani ziungane. (Msomaji atambue mwenyewe kwa namba hiyo kwamba Pittville iko katika mstari wa sita.) Wananchi walipiga kura mwaka 1945, na kuanzia tarehe 1 Julai 1946 eneo la Swift Current likawa na huduma za daktari kwa kila mtu, zikilipiwa na kodi.

Serikali ya jimbo chini ya Tommy Douglas, iliyoshika madaraka mwaka 1944, haikubuni wazo hilo. Ililikuta likitembea. Bima ya hospitali kwa jimbo zima ilianza tarehe 1 Januari 1947, na bima ya matibabu tarehe 1 Julai 1962, siku ambayo madaktari wengi wa jimbo waligoma, mgomo uliodumu siku 23. Mwaka 1966 bunge la shirikisho lilipitisha sheria iliyoueneza mpango huo nchi nzima. Kutoka dola 1,500 za Holdfast hadi hapo ilikuwa miaka 52.

Ingedhaniwa kwamba mraba uliozaa jambo kubwa namna hiyo ungestawi. La hasha. Turudi kwenye hesabu yetu. Mwaka 1936 Saskatchewan ilikuwa na mashamba 142,391, idadi kubwa kuliko zote katika historia yake, na wastani wa shamba ulikuwa ekari 400 hivi. Mraba wetu wa ekari 207,360 kwa wastani huo una nafasi ya mashamba 518. Sensa ya kilimo ya mwaka 2021 ilikuta mashamba 34,128, yenye wastani wa ekari 1,766. Kwa wastani huo mraba una mashamba 117 tu. Lakini nafasi za barabara hazikupungua hata futi moja. Mwaka 1936 kila shamba lilibeba mzigo wa chini ya maili moja ya barabara. Leo kila shamba linabeba maili nne na zaidi.

Chanzo ni mashine. Baada ya Vita Kuu ya Pili trekta na mashine ya kuvunia na kupura kwa mara moja viliiwezesha familia moja kufanya kazi ya familia tano. Hapa sisi wa Afrika Mashariki tunagusana na habari hii. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 hadi mwaka 1993 Kanada iliisaidia Tanzania kulima ngano kwa mtindo wa Preri katika nyanda za Hanang. Mashamba saba ya serikali yalianzishwa, kila moja likiwa na ekari zipatazo 10,000, yenye mashine zilezile na watu wachache vilevile. Ngano ilipatikana. Lakini ardhi hiyo ilikuwa malisho ya Wabarabaig, ambao walipeleka madai yao mahakamani katika miaka ya 1980. Anayeisoma habari ya Mkataba Na. 4 hataona ajabu.

Huko Saskatchewan familia zilipopungua, shule zilifungwa, kisha duka, kisha posta. Halafu ikaja zamu ya reli. Tangu mwaka 1897 nauli ya kusafirishia nafaka ilikuwa imewekewa kikomo kwa mapatano ya serikali na kampuni ya Canadian Pacific, na njia ndogondogo za reli zilidumu kwa miaka mingi chini ya ulinzi huo. Serikali iliondoa ruzuku ya mwisho ya nauli hiyo mwaka 1995. Njia nyingi ndogo zilikwisha kung'olewa, nyingine zikafuata. Maghala ya mbao, ambayo katika miaka ya 1930 yalikuwa zaidi ya 5,000 katika mbuga zote, yalibomolewa karibu yote, na mahali pake pakajengwa maghala machache makubwa ya zege, yawezayo kupakia mabehewa mia moja kwa mara moja. Mamlaka ya Bodi ya Ngano kuwa mnunuzi wa pekee yalikoma mwaka 2012.

Wachumi husifu mabadiliko hayo kwa kuwa yamepunguza gharama ya kupakia kila tani. Ni kweli, lakini wanaangalia upande mmoja wa daftari. Zamani mkulima alikwenda maili kumi na farasi; leo lori la tani 40 na zaidi huenda maili 50 au 80 hadi kwenye ghala la zege. Uzito uliokuwa ukibebwa na vyuma vya reli sasa unabebwa na barabara ya udongo na changarawe, na mwenye barabara hiyo ni manispaa. Gharama haikufutwa. Imehamishwa kutoka vitabu vya kampuni hadi kodi ya ardhi ya mashamba 117.

Serikali za jimbo zimeona udhaifu huo kwa muda mrefu. Tume ya kilimo na maisha ya vijijini iliyoongozwa na W. B. Baker kati ya mwaka 1952 na 1957 ilipendekeza miraba iunganishwe kuwa wilaya kubwa. Wakulima walikataa. Shauri hilo liliporudishwa mwaka 2000 walikataa tena, kwa mikutano yenye hasira. Kwa mtu wa nje, kuzing'ang'ania serikali karibu 300, nyingi zikiwa na watu mia chache tu, ni ukaidi. Mwandishi haoni hivyo kabisa. Baraza lililo mbali maili 100 lisingejua mwaka 1914 kwamba Daktari Schmitt yuko mbioni kuondoka.

Mashamba yenyewe yamebadilika kwa njia ambayo mkulima wa mwaka 1937 asingeiamini. Wengi wameacha kulima kwa plau. Mashine hupenyeza mbegu ndani ya mabua ya mwaka uliopita, na mabua hayo huzuia upepo na kunasa theluji ambayo huyeyuka na kuwa maji ya mmea. Ule mwaka wa kupumzisha shamba umekaribia kutoweka. Ngano ina wenzake sasa: kanola, zao la mafuta lililotokana na kazi ya Baldur Stefansson huko Manitoba, aliyetoa mbegu ya Tower mwaka 1974; na dengu ndogo, zile ambazo watu wa pwani huziita adesi, zilizoletwa mashambani na mtafiti Al Slinkard wa Chuo Kikuu cha Saskatchewan, ambaye mbegu yake ya Laird ilitolewa mwaka 1978. Adesi hujitengenezea naitrojeni kwa msaada wa bakteria za mizizini, na Kanada imekuwa muuzaji mkubwa wa zao hilo katika soko la dunia, ikipeleka hasa India na Uturuki.

Yote hayo hupita juu ya barabara za futi 66. Kila mwaka mwishoni mwa Machi, udongo ulioganda unapoanza kuyeyuka kutoka juu huku chini bado ni barafu, maji hayana pa kwenda na barabara hulegea kama uji. Ndipo karani wa manispaa hubandika tangazo la kupunguza uzito wa malori, wajumbe hupigiana simu kujua daraja lipi limetitia, na greda hungoja bandani hadi udongo ukauke.